Chupa Imepasuka, Sinki Halina Kosa

Mume wangu fundi bomba,

Maharage yameiva, jipakulie. Yale maji ya sakafuni asubuhi hayakutoka kwenye sinki ulilolifungua lote. Ni chupa yangu imepasuka, na mimba ndiyo kwanza wiki thelathini na tatu. Nilikwambia, ukanijibu, "Tulia mama, haya mambo nayajua," ukakimbilia dukani kununua bomba jipya.

Jirani yetu mkunga ananipeleka hospitali sasa hivi. Anasema nikikaa nyumbani mtoto anaweza kupata maambukizi. Huko watanilaza, wanichome sindano ya kukomaza mapafu yake.

~~Usije, bado nimekununia.~~ Njoo, tena uje na dada zako wote na kelele zao. Tangu uondoke mtoto hajacheza tumboni, na ukimya huu nauogopa.

Mkeo