Baba Aingia Darasani

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hali yako je, na mikono? Sisi wazima, ila kazi imenifika shingoni. Wanafunzi wangu wa udaktari wanaliogopa somo la ubongo na neva kama mtoto na sindano. Vitabu wamekariri, lakini mbele ya mgonjwa wanaduwaa. Nimeruhusiwa kupunguza mihadhara na kuwaalika wagonjwa waongee nao ana kwa ana. Muhula huu ukifeli, tutarudishwa kulekule. Baba, ungekuja?

Kitindamimba wako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, mama yako anakusalimu. Uvumilie mwandiko, siku hizi unacheza ngoma bila kualikwa. Tangu mikono ianze kutetemeka hata msibani siendi, watu wasije wakanikodolea macho. Leo nikajianike mbele ya darasa zima? Niombe lingine lolote.

Baba yako

28 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimekuelewa, wala sitakuomba tena. Fundi viatu aliyepata kiharusi amekubali kuja. Pumzika.

Kitindamimba

15 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Ulifika salama? Juzi nilipokuona mlangoni bila taarifa, wewe uliyekataa, na koti lako la harusini, nilisahau nilichokuwa nasema. Ulipoondoka hakuna aliyeinuka. Yule binti aliyekuuliza, "Mzee, ugonjwa huu umekunyima nini?" alikuwa ameniambia anataka kuacha somo. Jibu lako, kwamba huwezi tena kumfunga mjukuu vifungo, limewaliza. Kisha wakaanza kuuliza: kwa nini mkono unatetemeka ukiwa umepumzika, na ukishika kitu unatulia? Tulichora ubongo ubao mzima. Sijawahi kuona darasa likigoma kutoka! Mkuu wa idara amesema tuendelee.

Binti yako

2 Juni

Kitindamimba,

Marahaba, mwanangu. Nilifika salama. Nilimsomea mama yako barua yako, akanuna. "Wote wanakuuliza wewe. Mimi ninayekugeuza kitandani, nani kaniuliza?"

Nikaikunja barua. Nikamuuliza, "Haya, mama watoto, ugonjwa huu wewe umekunyima nini?"

Alicheka, akalia, akaniambia mambo ambayo kwa miaka yote hii ya ndoa sikuyajua. Mboga ziliungua jikoni, tukala mkate mkavu, na ulikuwa mtamu.

Muhula ujao utuwekee viti viwili.

Baba yako