Nyumba Hazihami

Mpendwa Kemunto,

Sisi hapa wazima. Nyanya yako ameenda sokoni Daraja Mbili kuuza ndizi; anauliza kama unakula vizuri. Nawe unaniuliza kwa nini fumbo la chesi ulilonitumia kwa simu lilinishinda wiki nzima.

Nikiwa kijana nilichonga chesi za mawe kule Tabaka. Ngome, zile kete za pembeni mwa ubao, tulizichonga kama nyumba za nyasi, na jioni tulicheza na kete zilizovunjika. Sheria tulijitungia wenyewe, na kwetu nyumba haihami. Siku moja mnunuzi alisimama akatutazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nikamwomba atueleze tulipokosea. "Nyinyi chongeni tu," akasema, akapakia mzigo wake akaenda. Unasikia hayo? Mtu anakula jasho lako, halafu neno moja tu linamshinda kukupa!

Jana ulipoandika kwamba ngome hutembea, nilipiga meza kwa hasira, chai ikamwagika. Kisha nikarudi kwenye fumbo lako, nikamtoa malkia akaliwa, nikaipeleka nyumba hadi mstari wa mwisho. Mfalme wa adui akakosa pa kukimbilia.

Nitumie fumbo lingine, gumu zaidi. Nyumba zangu zimekaa bure miaka mingi.

Babu yako