Cherehani Yako Imekuandikia

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zetu tele. Hali yako huko? Na mgongo umepoa, au hicho kiwanda cha nguo bado kinakukalisha kutwa? Sisi hatujambo. Magoti ya Mama yamepata nafuu. Mdomo wake, unaujua, haujawahi kuumwa.

Dada, leo nina furaha mpaka kalamu inanikimbia. Unakumbuka nilivyokulilia kwamba darasa langu la saba haliwezi kuandika insha? Kila nikiwapa kichwa, wote walianza kwa kuamka asubuhi na mapema. Watoto arobaini na wawili wanaamka mapema, na ndio haohao wanaochelewa kengele.

Basi nikachukua kopo la maziwa, nikalijaza vikaratasi, kila mtoto achomoe kimoja. Eleza chumba kwa pua tu. Andika ugomvi wa watu wawili wasiosemeshana. Kitu cha nyumbani kinamwandikia mtu aliyeondoka. Ili wasiniogope, hawaweki jina, na kazi ya kila mmoja inanakiliwa na mwenzake wa dawati nisiutambue mwandiko. Mwalimu mkuu alisikia vicheko, akachungulia kuuliza kama darasani mna mwalimu. Nikamwambia yumo, ndiye anayecheka zaidi.

Sasa kuhusu mwanao, mmoja wa hao arobaini na wawili. Miezi minane barua zako ziko chini ya godoro lake, amezisoma mpaka zimechanika mikunjo, na hajajibu hata moja. Nimembembeleza, nimemfokea, wapi. Sikukuambia, lakini nilianza kuogopa kwamba utarudi ukute binti asiyekujua.

Jumatano nilichagua kazi moja niwasomee darasa zima. Cherehani inamwandikia fundi wake. Nikasoma kwa mbwembwe zangu zote:

"Tangu uondoke hakuna anayeshona nami. Mtoto wako hukaa kwenye kiti chako, akaweka mguu kwenye kanyagio, lakini hakanyagi. Anaogopa nikianza kulia, watu wa nyumbani watadhani umerudi. Mguu wangu mfupi bado umekanyaga kile kigae cha bluu ulichoniwekea."

Hapo nikakwama, nikaikunja karatasi. Kigae hicho nakizunguka na tambara kila ninapopiga deki. Darasa likanikodolea macho, nikaisingizia chaki.

Jioni tulimenya viazi, mimi na yeye, nikamwomba radhi kwa kumwanika mbele ya wenzake bila kujua. Akasema nimesoma vizuri, ila niliacha katikati. Nikamuuliza kama naweza kukutumia. Akamenya kwanza viazi vitatu vizima.

"Itume, mama mdogo. Lakini akijibu, aijibu cherehani. Mimi nitaisomea."

Nimeiambatisha hapa, pamoja na ule mwisho ambao sikuufikia. Usome ukiwa umekaa.

Mama anakusalimu, na shemeji yako anasema ukizidi kukonda atakuja kukuchukua mwenyewe. Mungu akutunze, aibariki mikono yako na akurudishe kwetu salama.

Nakusihi, jibu upesi. Juu ya bahasha andika: Kwa Cherehani, chumba cha mbele. Tarishi atacheka, mwache acheke. Kuna mtu ameanza kumsubiri mlangoni tangu jana, nami hata barua hii sijaipeleka posta.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Mwalimu wa Kopo