Injini ya Mkiani

Jumatatu, 4 Machi

Kaka, shikamoo.

Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Mimi mwili mzima, roho ndiyo inachemka. Simu hupokei, basi soma.

Jana umetua, abiria wameshuka, na ile injini ndogo ya mkiani, ya kuwashia taa na hewa mkiwa mmesimama, ukaiacha ingurume mpaka wapya walipopanda. Inachoma mafuta bure na kutumwagia moshi sisi tulio chini, wakati waya wangu wa umeme na bomba la hewa baridi vinakungoja hapo hapo. Mradi huu wa waya na bomba ni wa majaribio. Marubani wasipoutumia, mwisho wa mwezi mashine zinaondolewa, na mimi nazo. Wenzako nikiwasihi wananijibu, "Anza na kaka yako." Uso niuweke wapi?

Mdogo wako

Alhamisi, 7 Machi

Marahaba, mdogo wangu.

Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu, anasema una mdomo.

Huo umeme wako siuamini. Ukikatika, nina watu mia wamefungiwa ndani ya bati juani, na atakayetukanwa ni mimi. Injini yangu naijua. Wewe kama ulipenda hewa safi, ungekwenda kulima. Usinifundishe kuruka.

Kaka yako

Jumamosi, 9 Machi

Shikamoo, ingawa leo imenitoka kwa shida. Wazima? Haya.

Kuruka sikufundishi, nakuomba ujue kusimama. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, nami nimechoka kutwanga maji kwenye kinu. Watu wangu nimewaambia wakiiona ndege yako wapite, waende kwa wanaotaka. Baki na moshi wako.

Mdogo wako

Jumatano, 20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, isije ikasemwa sina adabu. Hatujambo, ila nina hasira.

Wifi yako kanisema mpaka nikasalimu amri. Leo nimetua, nikaliona gari lako la waya linakuja, nikazima injini ya mkiani. Watu wako wakaisoma namba ya ndege, wakageuza, wakanipungia mkono! Taa zikazimika, hewa ikakatika. Bibi mmoja kaniuliza kama huku nako kuna mgao wa umeme.

Nikafungua dirisha la rubani nikutukane. Nje kimya. Ulikuwa chini ya bawa unawafokea warudi, na kila maneno mawili kikohozi kinakukata, unainama, unashika magoti. Siku zote nikikuona huko chini unatupa mikono, mdomo unakwenda, nilidhani unanitukana tu. Injini inanguruma, ningesikia nini?

Waya ulipochomekwa, abiria wakapoa. Jioni nimekwenda kwa meneja wako, nikamwambia mashine zisiguswe, wenzangu nitawasomba mwenyewe. Amekubali kungoja.

Jumamosi sina safari. Nakuja tuende hospitali, na usinibishie. Tangu lini unakohoa hivyo, mdogo wangu, na mbona hukuniambia?

Kaka yako