Niliyoyaandika Mkutanoni Kilambo

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika. Marahaba, ingawa babu yako nina miaka ishirini na nane tu! Bibi yako, dada yangu mkubwa wa baba mmoja, mzima; korosho zimeanza kudondoka.

Unasema unakuja Kilambo kuuliza watu habari za wagombea urais, kazi ya chuo. Wallahi naogopa. Kampeni zilizopita nilikwenda mikutano ya wagombea wawili, naandika ahadi za kila mmoja kwenye daftari, nilinganishe mwenyewe. Kwenye mkutano wa pili, mara nikajikuta nimezungukwa na watu. "We! Unaandika majina ya nani?" Huku wengi asili yetu ng'ambo ya mto, Msumbiji, jina likiandikwa tu, mtu anawaza ataambiwa si raia. Mzee mmoja alishanikaba shati. Nikausoma ukurasa wote kwa sauti: huyu kaahidi barabara, yule kaahidi maji. Mama mmoja akashusha pumzi: "Kumbe unawaandika wao! Tulidhani unatuandika sisi."

Njoo, lakini kila utakachoandika wasomee hapohapo. Nitakaa karibu yako, na hofu yangu hivyohivyo.

Babu yako,
Hamisi