Meneja Amerudi Nyumbani

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 14 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Hamjambo huko? Wifi yangu hajambo, na yule binti yenu mwenye sauti ya tarumbeta? Na kifua chako, kimepoa au bado unakohoa na kujifanya mzima? Sisi tunashukuru. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo hauna ugonjwa: jana kanisema kwa ajili ya chumvi, leo kwa ajili ya pazia.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nina habari za Baba, na wewe nikianza habari za Baba simu hukatika yenyewe. Barua haikatiki. Keti uisome yote.

Meneja, kasuku wa Baba, alipotea. Kosa ni langu, sina pa kulificha. Komeo la tundu lake lilivunjika, na mimi, mtoto wa fundi cherehani, nikaufunga mlango kwa uzi. Uzi mgumu wa jinzi, nikaukunja mara mbili, nikajisifu. Nilipotoka kumpelekea mteja gauni lake, Meneja akaukata kwa mdomo na kupita dirishani.

Unajua maana yake kwa Mama. Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike Baba, na hatuna hata kanda moja yenye sauti yake. Anayo Meneja peke yake. Kila alasiri Mama huleta chai yake humu nikishona, anangoja uzi unikatikie, cherehani inyamaze ghafla, ndipo Meneja anifokee kwa sauti ileile ya Baba: "Uzi tena? Tuliza mguu, binti!" Mama hucheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Meneja alipopotea, Mama alikunywa chai jikoni, amesimama, siku sita mfululizo. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza.

Lakini mimi sikukata tamaa, unanijua. Nilibandika matangazo kila duka, nikapiga mluzi chini ya miti ya watu mpaka nikatazamwa kama mwendawazimu. Siku ya sita mteja aliyeleta suruali ya kupunguza akaniambia kwamba kwa Mama Vifungo kuna ndege anayelia kama cherehani.

Mama Vifungo! Yule fundi wa nyuma ya soko aliyeninyang'anya sare za shule. Miaka mitatu tukikutana njiani kila mmoja anatazama viatu vyake. Nikameza kiburi, nikaenda.

Akanipokea kwa uso mkavu.

"Wameshakuja wawili kusema ni ndege wao," akaniambia. "Na yeye hajamjibu yeyote. Una ushahidi gani?"

Meneja naye akanigeuzia mgongo, mshenzi yule. Mama Vifungo hushonea mashine ya umeme, lakini pembeni ana cherehani kuukuu ya kukanyaga, ameigeuza meza ya kuwekea vitambaa. Nikaomba ruhusa, nikaondoa vitambaa, nikatunga uzi, nikaanza kushona kipande cha kaniki. Nikakanyaga kwa kasi, kisha nikauvuta uzi makusudi ukakatika. Kimya.

"Uzi tena? Tuliza mguu, binti!"

Mama Vifungo aliangusha mkasi. Mimi nililia mbele ya adui yangu, na wala sikuona aibu. Akanipa kitambaa cha kujifutia, kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Basi niambie, Kijiti ni nani? Kila jioni nikishusha ule mlango wa chuma, huyu ndege wako anamtaja."

Nikamwomba aushushe palepale, mchana kweupe, wateja wakiwa nje wanashangaa. Mlango ukaporomoka kwa kelele, kama ule wa duka letu kabla sijahamishia kazi nyumbani. Meneja akatikisa mbawa, akasema kwa sauti ya Baba, ile ya uchovu wa kufunga kazi:

"Kijiti hajapiga leo. Basi, atapiga kesho."

Mdogo wangu, mimi nilikuwa naondoka dukani mapema kwenda kupika. Nyumbani, tangu mlipogombana, ukitajwa wewe Baba alikuwa anaomba maji ili kubadili mazungumzo, nasi tukadhani amekufuta moyoni. Na wewe ulidhani hivyo, ndiyo maana hata kumzika hukuja. Kumbe kila jioni alikuwa anakuulizia kwa ndege.

Nimemwambia Mama. Aliinuka, akaichaji simu yake, na tangu hapo anatembea nayo mfukoni hadi jikoni.

Meneja yuko hapa, komeo jipya la chuma, ananikodolea macho. Lakini humu hatuna mlango wa kushusha, kwa hiyo yale maneno hatayasema. Siku utakayokuja, tutampeleka kwa Mama Vifungo jioni; ameshakubali, na tumeanza kuazimana sindano. Najua utakuja.

Nisalimie wifi, na mbusu binti kwa niaba ya shangazi yake. Shemeji yako anakusalimu, anakutakia kazi njema. Mungu awafunike na kuwatunza nyote.

Nakupenda hata ukinuna,
Dada yako.

Siku utakayosoma barua hii ndiyo kesho aliyoisema Baba. Mpigie Mama.