Kutu Chini ya Rangi

Bahi,
14 Agosti 1994

Kaka Fulgence,

Shikamoo. Huku tunaendelea. Mpunga umetupa magunia tisa, na Editha wangu ameota meno ya mbele.

Ile pikapu yako, uliyonipa ili nyumba ya baba ibaki kwako, ilikatika sakafu tukienda Dodoma. Mama alikuwa amekaa mbele. Mguu wake ulitumbukia kwenye tundu ukasagika barabarani. Hospitali wamemkata vidole vitatu.

Nikaipeleka Majengo kwa Ebenezer, fundi bodi. Alipogonga kwa nyundo, rangi ilibanduka pamoja na puti ya kuzibia matundu, na chini yake ilikuwa kutu tupu. Nikamwambia, "Kaka yangu aliuziwa hivyo hivyo, hakujua."

Ebenezer akainamisha kichwa. "Dada, puti hii niliipaka mimi, wakati wa msiba wa mzee wenu. Nilimwambia kaka yako bati limeoza, tulikate. Akasema nizibe tu, kwa kuwa gari linaondoka mikononi mwake."

Mama anakusalimu sana. Kila anayekuja kumjulia hali, Mama humwambia kwamba mwanawe alidanganywa na waliomuuzia gari. Nimenyamaza kwa ajili yake. Ukija kumwona, njoo siku ambayo mimi nipo shambani.

Mdogo wako,
Sidonia